Hotuba ya Malkia Nyumbani kwa Mzee Abrahamu

Muheza,
28 Desemba 1954

Mdogo wangu Noa,

Natumaini ulifika Tanga salama na afya yako ni njema. Huku Mama kikohozi kimempungua, mimi sina neno, na Baba anakula, analala na kuamka, ila hasemi. Leo ni siku ya tatu.

Sijui kama ulipopanda basi juzi ulikuwa umekwisha kuelewa ulichokifanya. Nakuandikia ili usije ukasema hukuambiwa.

Unajua kwamba Baba huanza kuitayarisha jioni ile tangu Novemba. Ulimwona akiifuta redio kwa kile kitambaa chake cha miwani. Ulimwona na koti la sufu katika joto hili, na mabenchi ya kanisa aliyoyaazima kwa Padre. Tangu mwaka arobaini na sita, redio ilipoingia nyumbani, hajakosa hotuba ya Krismasi hata mara moja, kwanza ya Mfalme na sasa ya binti yake, na majirani huja kwa sababu yeye huwafasiria Kiingereza sentensi baada ya sentensi. Na kwa nini anafanya hivyo unajua pia, ingawa nyumbani hatulisemi. Kaka Luka alikufa Burma, ikaja karatasi yenye jina la Mfalme, na Baba akaona kwamba mtu aliyekuandikia juu ya mwanao aliyekufa, akisema unamsikiliza. Kila mwaka hotuba ikiisha, Mama humwuliza neno moja: "Kawataja?" Yaani, amewataja vijana wa huku waliokwenda Burma? Na kila mwaka Baba humjibu, "Bado. Labda mwakani."

Sasa wewe. Wimbo wa Malkia umepigwa, watu wote wamesimama, hata Mzee Kombo na mguu wake mbovu, ambaye ni Mwislamu na Krismasi si yake, anakuja kwa ujirani tu. Wewe umekaa unamenya karanga. Baba akakwambia, "Noa, simama." Ukamjibu mbele za watu, "Baba, utotoni ulimwimbia Kaiza wa Wajerumani, ukubwani unamsimamia Malkia. Akija wa tatu utamfanyia nini?"

Vijana waliokuwa mlangoni walicheka. Ukainuka, wakakufuata wote hadi dukani kwa Idarusi kwenye gramafoni. Hotuba ilipoanza tulibaki wazee sita na mimi. Baba alifasiri mpaka mwisho. Halafu akayabeba mabenchi kuyarudisha kanisani, moja moja, peke yake. Nilipotaka kumsaidia alinitazama kwa jicho kali, nikaliachia benchi.

Nataka uandike barua ya kumwomba radhi. Umwandikie yeye, usiniandikie mimi.

Dada yako,
Elizabeti

*

Ngamiani, Barabara ya Tisa,
Tanga,
9 Januari 1955

Shikamoo dada,

Mimi ni mzima, kazi inaendelea, joto la Tanga unalijua. Mpe Mama pole ya kikohozi. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa kitako kwa sababu ilinichosha.

Dada, sikuja nyumbani kumvunjia mtu heshima. Nilikuja kula wali. Lakini mimi nina miaka ishirini na miwili. Mwaka mzima nashinda ghalani nikiandika alama kwenye marobota ya mkonge yanayokwenda Uingereza, halafu siku yangu moja ya mapumziko nisimame wima mbele ya sanduku la mbao? Kadi ya chama cha kudai uhuru niliichukua Septemba, unajua. Nikisimama, kadi hiyo nimeichukulia nini?

Na tusidanganyane juu ya vijana. Unaandika kana kwamba ni mimi niliyewatoa. Walikuwa mlangoni, dada, si ndani. Walikuwa wanangoja mtu wa kwanza kuondoka. Juzi niliwauliza wenzangu ghalani nani aliisikia hotuba ya Krismasi. Mmoja, ninayefanya naye kazi meza moja, akaniuliza, "Hotuba ipi?" Hakuwa na mzaha. Hakujua kama kuna hotuba. Mwingine alikuwa uwanjani kwenye mpira, mwingine alikuwa kwa wakwe zake Pangani, na aliyeisikia ni mlinzi mmoja mzee, kwa sababu redio ya bwana mkubwa ilikuwa barazani na yeye yuko zamu. Hakuna anayeichukia hotuba hiyo. Ingekuwa inachukiwa, Baba angepata wa kushindana naye. Haisikilizwi tu.

Kaka Luka alipoondoka nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka alinibeba mabegani mpaka stesheni, akanishusha, akanipa kofia yake niishike wakati anafunga viatu, na treni ikaja. Karatasi ile ya Mfalme nimeisoma kuliko mnavyodhani. Ni ya chapa, jina tu ndilo la mkono. Ndiyo maana sisimami.

Barua ya radhi siandiki. Kama nilisema uongo juu ya Kaiza, Baba aniambie ni upi.

Sikio lake la kulia linaendeleaje? Siku ile nilimwita mara tatu uani asinisikie, kabla hatujagombana.

Ndugu yako,
Noa

*

Muheza,
27 Desemba 1955

Mdogo wangu Noa,

Salamu za Krismasi, na heri ya mwaka mpya. Mwaka mzima sikukuandikia zaidi ya kadi mbili za kusema tu wazima, kwa sababu kila nilipokaa kuandika nilikuta nina hasira. Leo nina hasira vilevile, lakini kuna jambo limetokea na sina mwingine wa kumwambia.

Kwanza habari za Baba. Jina lako halitaji. Unaitwa "yule wa Tanga". Sikio la kulia limekufa kabisa na la kushoto linafuata. Anaficha. Ukimsemesha kwa kulia anatikisa kichwa na kusema "Vema, vema," hata ukimwambia mbuzi amekula shati lake. Mimi na Mama tumejifunza kupita kushoto.

Mwaka huu akaamua vijana wasiachwe wapotee. Akaniagiza nilete darasa langu la nne lije kusikiliza hotuba. Niliwaahidi maandazi na chai ya maziwa, wakaja kumi na mmoja, wamepakwa mafuta mpaka wanameremeta. Kijana wa kuanzia miaka kumi na tano hakuja hata mmoja. Wazee walikuwa wanne, pamoja na Mzee Kombo.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Tangu Oktoba, kila Ijumaa Baba akienda kwenye mazoezi ya kwaya, mimi na Mwalimu Saleha tulikuwa tunafungulia redio tukisikiliza muziki wa Dar es Salaam. Nilijua betri inachoka. Nikajiambia Krismasi itafika tu.

Saa kumi na mbili kasorobo Baba akazungusha kitufe. Kimya. Hata ule mkwaruzo wa mawimbi haukuwako. Betri imekufa. Nikangoja ageuke aniulize kuna nini. Hakugeuka. Aliinamisha sikio la kushoto, akaweka mkono juu ya redio, akakaa hivyo. Halafu akainuka akasimama wima. Tukasimama sote, Noa, kwa wimbo ambao haukuwako. Akaketi, tukaketi. Akasema, "Malkia anatusalimu, anatutakia heri ya sikukuu."

Akaendelea. Anasikiliza kidogo, anafasiri. Anasikiliza, anafasiri. Watoto walinigeukia, nikawakazia macho mpaka wakatazama chini. Mzee Kombo alikuwa akiangalia fimbo yake kana kwamba ndiyo kwanza kaiona. Nilitaka kuinuka nimguse bega Baba, nikabaki nimekaa. Ilichukua muda uleule wa kila mwaka. Mwishoni akazungusha kitufe, akakizima kilichokwisha kuzimika.

Mama alikuwa mkekani pake. Masikio ya Mama unayajua, anasikia kuku wa jirani akiingia kwenye mahindi yetu. Ule ukimya aliusikia kama sisi sote. Lakini aliuliza kama kila mwaka, "Kawataja?"

Baba akavua miwani. Akasema, "Kawataja."

Mama akauliza tena, na mwaka wowote hajapata kuuliza mara ya pili. "Kasemaje?"

"Kasema walikwenda mbali mno na kwao. Kasema hajawasahau."

"Ahsante," Mama akasema. Akaenda jikoni. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kajifunika kanga usoni, na chai imefurika imezima moto.

Nimekasirika na betri, nimejikasirikia mimi, na wewe nimekukasirikia zaidi ya vyote. Ungekuwapo ungesema kwa sauti kwamba redio imekufa, nami ningekuchukia, lakini walau mtu angesema. Tangu siku hiyo nyumba nzima tunapishana tukitazama ukutani. Sijui Baba anajua au hajui. Nani amwulize?

Dada yako,
Elizabeti

*

Tanga,
4 Januari 1956

Shikamoo dada,

Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako niliisomea ghalani, nikageukia marobota nikajifanya nakagua kamba. Mwenzangu wa meza akaniuliza nani kafa. Nikamwambia betri.

Nilidhani nitacheka nikifika pale pa kusimama. Sikucheka.

Leo jioni namkabidhi yule rafiki yangu anayefanya kazi kwenye treni ya kwenda Korogwe betri mpya. Ataishusha stesheni ya Muheza. Mwambie Baba imetoka Misheni. Akijua ni yangu ataitumbukiza chooni.

Lakini usinielewe vibaya, mawazo yangu yako palepale. Tena yamezidi. Kama mzee ameweza kulisema lile jambo mwenyewe, sebuleni kwake, bila London kutia neno, sisi tunamngojea nani mwaka wa kumi? Na wewe, mwalimu mzima, ulishindwaje kusema "Baba, betri"? Maneno mawili.

Nisalimie Mama. Usimwambie nimeuliza sana habari zake, atalia.

Ndugu yako,
Noa

*

Muheza,
19 Februari 1956

Noa mdogo wangu,

Sote tu wazima, kwa kadiri watu wa nyumba hii wanavyoweza kuwa wazima.

Betri ilifika. Nikamwambia imetoka Misheni. Baba akaiweka magotini, akasoma anwani uliyoandika juu ya boksi, akasema, "Hii B ni ya yule wa Tanga. Nani alimfundisha kuandika B kama si mimi?" Hakuitupa. Aliisukuma chini ya kitanda chake, na huko iko mpaka leo, na redio ni bubu. Kwa hiyo tuna betri na tuna redio, na hatuna redio. Unaona mambo ninayoishi nayo.

Nimengoja wiki sita nipate la kukuandikia. Jumapili iliyopita tulikuwa barazani tunapukuchua mahindi, nimekaa kushoto kwake, akaniuliza, "Ulitaka kuniambia nini siku ile?"

"Siku gani, Baba?"

"Usinizungushe, Elizabeti. Siku redio ilipokuwa imekufa."

Gunzi likanianguka. Kumbe alijua. Anasema siku hizi sauti haisikii vizuri, lakini akiweka kiganja juu ya ubao, redio ikisema mkono unatetemeka. Siku ile mkono haukutetemeka. "Nikaona watu wamekaa," akasema, "chai iko motoni, watoto wamevaa nguo safi. Nikiwaambia nendeni, mwakani atakuja nani? Nikaendelea."

Nikamwuliza, "Na lile la Mama?"

Akapukuchua gunzi zima kabla ya kujibu. "Mama yako ameniuliza miaka kumi. Nimechoka kumwambia bado."

Nikakiri habari ya Ijumaa na muziki. Akasema alijua pia, maana sindano ya redio alikuwa anaikuta Dar es Salaam wakati yeye huiacha London. Basi nyumba hii kila mtu anajua kila kitu, na hakuna anayesema.

Kisha, bila kuulizwa, akasema, "Yule wa Tanga atakuwa anasema vijana hawasikilizi." Nikasema ndivyo unavyosema. "Ni kweli hawasikilizi. Mimi nina macho. Lakini kuna namna ya kumwambia mtu." Nikamwambia, "Basi mwandikie umwambie hivyo." Akasema, "Aje yeye."

Wewe unasema yeye aseme kwanza. Yeye anasema wewe uje kwanza. Mimi nina watoto arobaini darasani, na hakuna hata mmoja anayenisumbua kama ninyi wawili.

Dada yako,
Elizabeti

*

Tanga,
30 Novemba 1956

Shikamoo dada,

Natumaini Pangani imekupokea vizuri na homa imekuacha. Nilisikia habari ya uhamisho wako kwa yule wa treni, si kwako. Nilistahili.

Nimefikiri. Krismasi nataka kwenda Muheza. Lakini uwaandikie kwanza, wajue mambo matatu. Sitasimama kwa wimbo. Sitaulizwa habari za kadi yangu. Na sitaombwa kufasiri kitu chochote. Wakikubali nitapanda basi la asubuhi ya mkesha.

Wewe utakuwapo, bila shaka. Bila wewe siwezi.

Ndugu yako,
Noa

*

Pangani,
10 Desemba 1956

Noa,

Mimi ni mzima, ahsante, homa imekwisha.

Masharti yako nimeyasoma. Umeyaandika kama mkataba wa manamba wa mashamba ya mkonge. Siyapeleki popote. Mimi sitakuwapo. Mwalimu mkuu anasafiri, na bwenini kuna wasichana sita ambao kwao ni mbali, mvua imeharibu njia, na mimi ndiye nitakayekula nao Krismasi.

Kwa hiyo utakwenda peke yako au hutakwenda. Ukienda, kaa kushoto kwake. Usipige kelele, anachukia kupigiwa kelele. Sema polepole, karibu na sikio, na umalize neno. Tangu nimeondoka hakuna wa kumsomea hata tangazo la kanisani kwa sauti anayoisikia. Atakayemfasiria hotuba mwaka huu hayupo, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi tena, na mimi niko huku Pangani.

Sasa jua la kufanya. Nimechoka.

Elizabeti

*

Tanga,
29 Desemba 1956

Shikamoo dada yangu,

Mimi ni mzima. Baba na Mama ni wazima na wanakusalimu. Nimerudi jana, na nakuandikia kabla mambo hayajanipotea.

Nilifika mkesha, mchana. Baba alikuwa mlangoni. Akanitazama toka viatuni mpaka kofiani, akasema, "Umekuja kuona kama nimekufa?" Nikasema, "Shikamoo Baba." Nilikuwa upande wa kulia. Akasema, "Vema, vema," akaingia ndani. Mama alinikamata mikono hakuiachia mpaka jua kichwani likatushinda.

Siku yenyewe, mabenchi yalikuwa mawili tu, na moja lilikaa tupu. Alikuja Mzee Kombo peke yake. Kijana sikumwona, dada, hata watoto wa maandazi. Nilitaka kuona raha kwamba nilisema kweli, nikatafuta hiyo raha sikuipata. Mama hakuja sebuleni. Nilimfuata jikoni nikamwambia hotuba inakaribia. Akasema, "Mimi nilishajibiwa mwaka jana. Mwache mwanamke wa watu apumzike."

Baba akapiga magoti mwenyewe, akaitoa betri chini ya kitanda. Ina vumbi mpaka unaweza kuandika jina. Akaifunga nyaya kwa mikono yake, mkwaruzo ukaanza. Hakuniambia kitu. Aliketi, akaweka kiganja juu ya ubao, na kile kiti cha kushoto kwake, chako, kilikuwa tupu. Mzee Kombo akanitazama. Akasema kwa upole, "Mimi Kiingereza sikijui, mwanangu. Na mguu huu umenileta mbali."

Nikaketi kwenye kiti hicho.

Wimbo ukapigwa. Nilikwisha kujiandaa kukaa. Baba akataka kuinuka, magoti yakamkatalia, akanishika bega. Sasa mtu kakushika bega lako ainukie, wewe utakaaje? Nilisimama. Nilisimama kwa sababu alinishika bega, na usimwambie mtu wa Tanga.

Nikamfasiria yote. Nilisema polepole karibu na sikio, kama ulivyoniagiza, na kila sentensi ya tatu alinisahihisha. Hasikii, dada, lakini ananisahihisha. "Neno hilo si hivyo. Rudia." Tulibishana katikati ya hotuba ya Malkia mpaka tukapitwa na kipande kizima. Mzee Kombo alifurahi kuliko siku zote.

Ikaisha. Baba akaniuliza, "Hakuwataja?"

Nikasema, "Hakuwataja, Baba."

Akazima redio. "Haya," akasema, na Mzee Kombo akaomba ruhusa akaondoka, na chai hakuinywa. Tukabaki wawili.

Nikasema, "Baba, lile la Kaiza."

"Ni kweli nilimwimbia. Nilikuwa na miaka minane, na asiyeimba alichapwa. Wewe siku ile ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Nani alikuchapa?"

Hakunichapa mtu, dada. Nikasema, "Nisamehe, Baba."

Akanigeuzia sikio la kushoto. "Sema huku."

Nikasema tena. Akasema, "Malizia maneno, unameza." Nikasema mara ya tatu. Nadhani mara ya kwanza alisikia.

Kisha akaomba aione kadi. Lile sharti langu la pili, kumbe hata hakujua kama nina masharti. Aliisoma mbele na nyuma, akaiinua kwenye mwanga, akaniuliza, "Hawa wenu wanawajua vijana wa huku waliokufa Burma? Kwa majina?"

Nikasema sidhani.

"Basi wana tofauti gani na huyu?" akaonyesha redio.

Nikamwambia nitawauliza. Akanirudishia kadi. "Waulize. Halafu uniandikie. Mimi si mtu wa kuambiwa kwa mdomo tena, maneno yanaanguka njiani. Macho yangu ni mazima. Niandikie mimi, si dada yako."

Asubuhi alinisindikiza mpaka basini, na njia nzima alinieleza mwandiko wangu ulivyo mbaya.

Ndugu yako,
Noa

*

Pangani,
28 Aprili 1957

Noa,

Mimi ni mzima. Nakuambia kabla hujauliza, kwa sababu hukuuliza. Tangu barua yako ya Desemba sijapata hata mstari, si wako wala wa Baba, na Mama hajui kuandika. Habari za nyumbani nazipata kwa dereva wa basi.

Pasaka nilikwenda Muheza kujua kulikoni. Nimekuta barua zako kumi na moja zimefungwa kwa uzi wa mkonge juu ya redio. Kumi na moja kwa miezi minne. Mimi nilikubembeleza miaka miwili uandike moja. Baba hakuniruhusu kuzigusa. Alikuwa mezani anakujibu, kamusi upande huu, Biblia upande huu, karatasi ya tatu, na uso kama wa mtu aliyeibiwa mbuzi. Mama anasema kila Alhamisi anakwenda posta kwa miguu na kurudi akiwa amekasirika, na siku hizi anakula vizuri. Tulipokaa jioni sikuambulia neno. Alikuwa anawaza atakachokujibu.

Ukurasa mmoja tu alinionyesha, ule wa majina ya vijana waliokufa Burma. Sikujua kama mmefika mbali namna hiyo, wewe kwa wazee wa chama chako, yeye kwa vitabu vya kanisa na kwa Mzee Kombo msikitini. Kaka Luka wa kwanza, halafu wengine kumi na wanne, mpaka Mdigo mmoja wa Horohoro. Mmekwama kwa kijana wa Pangani. Yeye kaandika Miraji, wewe umeandika Mwinyi, mmegombana barua mbili nzima juu ya mtu huyo, na hakuna kati yenu aliyekumbuka kwamba ana mtu Pangani mwenye miguu. Baba akanipa karatasi, akasema, "Ulizia." Hakusema hata tafadhali.

Nimeulizia. Ilinichukua siku tano, kutoka kwa mwuza nazi mpaka kwa mke wa imamu. Mama yake yuko hai. Anaitwa Bi Mwanamkasi, anakaa nyuma ya soko, anasuka ukili. Nilimkuta kibarazani, nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kuulizia jina la mwanawe aliyekufa vitani.

Aliendelea kusuka. "Nani kakutuma? Serikali?"

Nikasema, "Hapana, Bibi. Baba yangu na mdogo wangu."

"Wanalitakia nini?"

Noa, hamkuniambia mnaifanyia nini orodha hiyo, na nadhani hata ninyi hamjui. Nikamwambia ukweli. Nikasema, "Wanataka kuliandika sawasawa."

Akauweka ukili chini, akanipisha niingie. Nilikaa mpaka adhuhuri. Hakuna mtu aliyemwuliza habari za mwanawe tangu alipokufa.

Si Miraji wala Mwinyi. Mmekosea wote wawili. Anaitwa Uweso bin Mwinyijuma. Futeni, mwandike.

Dada yako,
Elizabeti